Mtama wa Mwaka wa Mtunya

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Hilda alikuwa na kazi tatu: kufagia uwanja, kuteka ndoo mbili za maji, na kumpelekea bibi yake uji. Kazi mbili za kwanza alizifanya huku amenuna. Ya tatu aliifanya kwa furaha, maana Bibi Loisi hakuweza kunywa uji bila kumtania mtu.

"Mke mwenzangu," Bibi alisema asubuhi hiyo huku akipuliza kikombe, "huu uji umeupika, au umeuonyesha moto tu?"

"Nimeupika, Bibi!"

"Haya. Mume wetu angekuwa hai, leo angekurudisha kwenu."

Hilda akacheka mpaka ndoo ikamtoka mkononi. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, darasa la sita katika Shule ya Msingi Mlangwa. Mlangwa kilikuwa kitongoji kidogo pembeni ya Ipagala, Dodoma. Bibi Loisi alikuwa na wajukuu kumi na mmoja, lakini Hilda ndiye aliyelala chumba kimoja naye, ndiye aliyemtafutia dawa ya miguu, na ndiye aliyetaniwa zaidi. Kwa hiyo alijihesabu kuwa ndiye mwenye Bibi. Na mtu akishajihesabu mwenye kitu, ole wake atakayekigusa.

Mwaka ule wa 1993 wapimaji wa viwanja walifika Mlangwa na kamba zao na vigingi vyao. Nyumba za tembe, zile za udongo zenye paa bapa ambamo wazee walizaliwa, zingebomolewa. Watu wangepewa viwanja vipya, huyu huku na yule kule. Wengi walifurahi kupata kiwanja. Wazee walivitazama vigingi, wakaingia ndani.

Mwalimu wa historia, Batholomeo, alikuwa mwenyeji wa Songea. Naye aliviona vigingi vile, akaingia darasani na wazo.

"Watu wakitawanyika, habari zao nazo zitatawanyika," alisema. "Tutaandika Daftari la Mlangwa. Kila mmoja wenu atamsikiliza mzee mmoja na kuandika aliyoyaona maishani mwake. Kisha tutawaalika wazee waje wasikilize. Wakikubali kwamba ni kweli, ndipo tutanakili kwenye daftari kubwa. Habari itakayopendeza kuliko zote itasomwa siku ya kufunga shule, mbele ya wazazi."

Hilda alinyoosha mkono hadi akanyanyuka kwenye dawati. "Mwalimu, mimi nitamwandika bibi yangu!"

"Hapana, Hilda. Hakuna kuandika habari za nyumbani kwako. Mambo ya kwetu tunadhani tunayajua, kwa hiyo hatuulizi."

Wakachagua vikaratasi kutoka katika kofia ya Mwalimu. Hilda alifungua chake akakuta jina la Mzee Sila, jirani yao aliyesumbuliwa na goti. Alipogeuka, alimwona msichana wa dawati la nyuma akisoma kikaratasi chake kwa sauti ya chini: "Bibi Loisi Chilewa."

Msichana huyo alikuwa Stara. Hapo roho ya Hilda ikabadilika rangi.

Stara alikuwa mgeni wa mwaka mmoja tu. Baba yake, Bwana Jamaldini, alikuwa amefungua duka la rejareja na nguo za mitumba, moja ya maduka yaliyochipuka kila kona tangu biashara ilipoachiwa huru. Stara alikuwa na kalamu yenye wino wa rangi nne. Katika mtihani wa Kiswahili wa muhula uliopita, alimpita Hilda kwa alama mbili. Hilda alizikumbuka zile alama mbili kila alipokula, na sasa, kana kwamba hazikutosha, msichana yuleyule alikuwa anamwendea Bibi.

Jumamosi Stara alifika na daftari lake. Bibi alikuwa uwanjani akipepeta karanga, Hilda akiwa kando yake juu ya kigoda.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Wewe wa nani?"

"Naitwa Stara, mtoto wa Jamaldini wa dukani. Lakini asili yetu ni Mpwapwa."

"Mpwapwa kwa nani?"

"Kwa Bi Sabiha. Ndiye aliyemzaa babu yangu."

Bibi aliuweka ungo chini. Akaifuta mikono yake kwenye khanga, taratibu, kidole kimoja kimoja, akamtazama Stara kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Hilda, mpishe mwenzio kigoda." Na kwa sauti ambayo Hilda hakuwahi kuisikia, akaongeza, "Karibu, mama. Kaa hapa karibu yangu."

Mama! Hilda alisimama na kigoda mkononi asijue akiweke au akitupe. Yeye miaka yote alikuwa "mke mwenzangu" wa utani, na huyu wa kuja jana anaitwa mama, tena bila utani wowote.

"Na wewe si unasubiriwa na Mzee Sila?" Bibi akamkumbusha.

Hilda akaenda, miguu ikienda mbele na macho yakibaki nyuma. Mzee Sila alimpokea vizuri, akaanza kumsimulia habari za ng'ombe wa baba yake, mmoja mmoja: jina lake, rangi yake, na namna alivyokuwa akikataa kuingia zizini. Maneno yake yalikwenda polepole na mara kwa mara alisimama kukumbuka. Alipofika ng'ombe wa nne, Hilda alifunga daftari.

"Nitarudi, babu."

"Rudi, mjukuu wangu. Hatujafika penyewe."

Hakurudi.

Stara, yeye, alirudi mara nne. Kila alipokuja, Bibi alimchemshia njugu mawe na kuzungumza naye kwa sauti ya chini. Hilda akipita na ufagio, wote wawili walinyamaza. Siku ya tatu alipita na ufagio mara sita, mpaka Bibi akamuuliza kama uwanja ule umeanza kuota nywele. Siku ya nne alimwona Bibi akijifuta machozi, na Stara akimshika mkono. Mkono ule! Hilda aliujua kila mshipa wake, na sasa ulikuwa umelala katika viganja vya mtu mwingine.

"Bibi, mnazungumza nini?" aliuliza jioni.

"Mambo ya zamani."

"Mbona mimi huniambii?"

Bibi aliinamia miguu yake. "Siku yake bado," alisema, akamwomba amletee mafuta ya kuchua miguu.

Wahenga walisema wivu ni kidonda, ukishiriki utakonda. Hilda hakukonda, lakini hakula kwa raha tena. Aliacha kucheka utani wa asubuhi. Aliweka uji chini na kuondoka, akitumaini Bibi atamwita na kumuuliza ana nini. Bibi alimwita, naye akajibu, "Sina kitu." Ndivyo watu wenye wivu walivyo: wanataka waulizwe, lakini hawataki kujibu.

Siku ya kupeleka kazi ilipokaribia, Hilda alifungua daftari lake akakuta ng'ombe wanne tu. Akatafuna kalamu. Kisha akaandika juu ya ukurasa mpya: "Mzee Sila aliniambia habari za Chilewa, baba yake Bibi Loisi." Kama hakuruhusiwa kumwandika Bibi, basi angemwandika baba wa Bibi, na kumpamba mpaka Bibi mwenyewe aone nani anayempenda zaidi.

Alikuwa amewasikia wazee wakiutaja mara nyingi mwaka wa Mtunya, ile njaa kubwa iliyoikumba nchi ya Wagogo baada ya vita vya Wajerumani na Waingereza. Hakujua mengi zaidi ya jina. Akaandika: "Katika mwaka wa Mtunya, Chilewa alikuwa tajiri kuliko wote. Vihenge vyake vitatu vilijaa mtama hadi juu. Nyumbani kwake hawakulala njaa hata siku moja. Majirani wote walimwonea wivu." Alipoandika neno hilo la mwisho alitabasamu. Kwake, siku zile, hakukuwa na sifa iliyozidi kuonewa wivu.

Mwalimu Batholomeo aliisoma, uso ukamng'aa. "Hilda! Hii ndiyo habari. Mzee Sila ana kumbukumbu ya ajabu! Wewe utasoma wa kwanza siku ya wazee. Na wewe Stara, yako iko wapi?"

Stara alisimama. "Iko tayari, Mwalimu, lakini mwenyewe hajaniruhusu kumwonyesha mtu."

"Hata mwalimu wako?"

"Nilimwahidi, Mwalimu. Nisamehe."

Darasa likaguna. Hilda akahisi utamu unapanda mpaka masikioni. Alifikiri pia kuhusu goti la Mzee Sila, lililokuwa limevimba tangu Jumapili. Mtu mwenye goti kama lile asingeweza kutembea hadi shuleni.

Kweli, hakutembea. Ijumaa alasiri, wazee kumi walipokwisha kuketi kwenye mabenchi, baiskeli ilisimama mlangoni ikisukumwa na mjukuu wake, naye Mzee Sila amekaa nyuma kama bwana harusi. "Mbukwenyi!" aliwasalimu wenzake kwa Kigogo, wakamwitikia kwa kicheko. Akakaa jirani na Bibi Loisi, mikono yote miwili juu ya fimbo. Hilda aligeukia mlango. Kabla hajapata la kufanya, Mwalimu alimwita mbele.

Akaanza kusoma. Wazee wale walisikiliza kama wanavyosikiliza wazee wa huko, kila sentensi wakiiitikia: "Ehee." Alipotaja Mlangwa, wakaitika. Alipotaja Chilewa, wakaitika kwa nguvu, na Bibi Loisi akainua uso. Alipotaja mwaka wa Mtunya, mwitikio ulishuka ukawa kama mnong'ono. Alipofika kwenye vihenge vitatu vya mtama, hakuitika mtu.

Hilda alidhani hawakusikia. Akapaza sauti: "Nyumbani kwake hawakulala njaa hata siku moja. Majirani wote walimwonea wivu."

Bibi mmoja mfupi aliyekaa karibu na dirisha akajifunika uso kwa khanga.

"Mbona kimya, wazee wangu?" Mwalimu aliuliza. "Si ni habari ya sifa?"

"Mwalimu, wewe ni mgeni, hatukulaumu," alijibu yule bibi wa dirishani. "Mwaka ule watu walikula ngozi walizolalia. Hakuna nyumba hapa ambayo haikuzika. Mtu aliyekuwa na vihenge vitatu vya mtama, akafunga mlango akala na wanawe huku watoto wa jirani wakifa, sisi hatumwiti tajiri. Tunamwita muuaji."

Hilda alishusha karatasi.

Bibi Loisi aligeuka taratibu kumtazama jirani yake. "Sila," alisema. "Maneno haya umemwambia mjukuu wangu? Juu ya baba yangu?"

"Mimi?" Mzee Sila alishtuka. "Loisi, mimi nilimwambia habari za ng'ombe."

"Imeandikwa wewe ndiye uliyesema," mzee mmoja akadakia. "Marehemu hatukanwi hivi. Neno hili ni la kupeleka kwenye baraza."

"Labda ni uzee tu, jamani," mwingine akatetea. "Siku hizi anasahau."

Mzee Sila aliikaza mikono juu ya fimbo. "Kusahau, ni kweli nasahau," alisema polepole. "Lakini neno kama hili... nililisema kweli?"

Hilda aliona wazi kwamba akinyamaza, mambo yataishia pale. Wangesema mzee amechanganyikiwa, na hakuna ambaye angemshuku yeye. Akamtazama Stara. Stara alijua ukweli wa habari ile, ilikuwa wazi machoni mwake. Daftari lake alilikumbatia kifuani. Angelifungua tu, akasoma mistari mitatu, Hilda angeumbuka mbele ya wote. Lakini hakulifungua. Alikuwa akimtazama Bibi, akingoja ruhusa, na ruhusa haikuja.

Hilda aliona aibu kuliko alivyowahi kuona maishani mwake. Aliyemwonea wivu alikuwa ametunza neno la Bibi, hali yeye mwenye Bibi alikuwa amelitukana kaburi la baba yake.

"Mzee Sila hakusema," alitamka. Sauti ilitoka ndogo, akairudia. "Hakusema. Niliondoka kwake kabla hajamaliza. Hayo yote nimeyatunga mimi."

"Kwa nini?" Mwalimu aliuliza.

Machozi yakamtoka. "Nilimwonea wivu Stara. Bibi anamwita mama. Mambo yote anamwambia yeye. Nilitaka niandike habari kubwa ili Bibi ajivunie mimi." Akamsogelea Mzee Sila, akapiga magoti. "Nisamehe, babu. Nimekuwekea mdomoni neno ambalo si lako."

Mzee Sila alishusha pumzi ndefu. "Umenirudishia akili yangu, mtoto wewe," alisema. "Nilikwisha kuanza kuiaga."

Watu wakacheka kidogo, lakini Bibi Loisi hakucheka. Aliinuka, akashika ukingo wa dawati, akamgeukia Stara.

"Mama," alisema, "soma."

Stara akafungua daftari, akasoma bila haraka, maneno ya Bibi kama alivyoyatamka:

"Mwaka wa Mtunya nilikuwa na miaka saba hivi. Wanajeshi walikuwa wamechukua ng'ombe, kisha mvua ikagoma. Baba yangu Chilewa alinishika mkono tukatembea siku nne mpaka Mpwapwa. Nilipochoka alinibeba. Alibisha hodi kwa Bi Sabiha, mke wa mfanyabiashara, akamwambia: Mtoto huyu akibaki kwetu atakufa, mchukue. Bi Sabiha akanipokea, akampa baba pishi mbili za mtama awapelekee mama na mdogo wangu. Nilimwita baba akiondoka, hakugeuka. Nilidhani hanipendi. Nilikaa pale misimu miwili. Bi Sabiha alinilaza na wanawe, nami nilimwita mama. Mavuno yalipopatikana, baba alirudi na pishi nne za mtama kichwani. Bi Sabiha aliukataa mtama wake. Alisema mtoto hana bei, mpikie uji njiani. Niliporudi Mlangwa watoto walinizomea: Pishi mbili! Pishi mbili! Walisema baba aliniuza. Tangu siku hiyo sijaisema habari hii."

Kila sentensi iliitikiwa, "Ehee," na mwitikio wa mwisho ulikuwa mzito hata Mwalimu Batholomeo, mtu wa Songea, aliitika pamoja nao.

Mzee Sila aliinamisha kichwa juu ya fimbo yake. "Loisi," alisema, "mimi nilikuwa katika wale watoto."

"Najua. Sauti yako ilishinda zote."

"Nisamehe."

"Nilikwisha kukusamehe, Sila. Ungekuwa hujasamehewa, ningekuwa nakuazima chumvi miaka yote hii?"

Darasa zima likacheka, na safari hii Bibi naye alicheka. Mwalimu Batholomeo akasimama mbele yao, mikono nyuma.

"Na mimi nina kosa," alisema. "Niliona maandishi mazuri nikasahau kuuliza kama ni ya kweli. Hilda, hutasoma siku ya kufunga shule. Kuanzia kesho utakwenda kwa Mzee Sila na utakaa mpaka amalize mwenyewe. Mtu akikupa habari za maisha yake amekupa amana. Ukiongeza cha kwako umeiharibu, hata kama umeongeza sifa. Wanafunzi, mmesikia?"

"Tumesikia, Mwalimu!"

Wakati watu wakitoka, Stara alikuja akasimama pembeni ya Hilda. Hilda alitafuta maneno mengi, akapata machache. "Ungeweza kunisema," alinong'ona.

"Haikuwa habari yangu," Stara akajibu. "Twende tumshike Bibi mikono, jua kali."

Wakaongozana naye, mmoja kulia na mwingine kushoto, wakipita katikati ya vigingi vya wapimaji. Hilda alivumilia mpaka karibu na nyumbani, kisha swali likamtoka.

"Bibi, mbona hukuniambia mimi?"

Bibi alisimama kupumzisha miguu. "Stara nilimwambia kwa sababu nilikuwa na deni kwa ukoo wao, wajue mema ya bibi yao. Lakini wewe nilikuogopa. Mtu huogopa kudharauliwa na yule anayempenda. Nilisema, Hilda akijua nilibadilishwa kwa pishi mbili, atanitazamaje?"

Hilda alilia, akaukumbatia mkono ule. "Mimi nilitaka tu baba yako awe mtu mkubwa, Bibi. Ndiyo maana nikampa mtama."

"Sikiliza, mwanangu," Bibi alisema. "Baba yangu hakuwa na mtama. Alikuwa na miguu. Alitembea siku nne na njaa yake ili mimi niishi, na kwa sababu hiyo wewe umezaliwa. Ukimpa mtama ambao hakuwa nao, unamnyang'anya miguu yake, na miguu hiyo ndiyo mali pekee aliyotuachia."